Nyimbo Tumezitunza, Visa Vyake Je?

Mwiteni kijana yeyote wa Unguja au wa Pemba mwenye sauti nzuri, mwambieni akuimbieni nyimbo moja ya zamani, na hapana shaka ataitoa. Pengine hata ubeti wa mwisho ataufikia bila ya kukwama. Kisha muulizeni: Nyimbo hii alitungiwa nani? Kwa jambo gani? Na aliyetungiwa alijibu nini? Hapo ndipo mtakapomwona anatizama chini. Sauti anayo, maneno anayo, kisa hana. Wala si kosa lake, kwani hakuna aliyempa.

Jambo hili sisi twaliona kubwa, na leo twataka kulizungumza kwa urefu. Wengi katika nchi yetu wanapoutaja utamaduni wa visiwa hivi huitia taarabu na ngoma upande mmoja, na hadithi za mabibi upande wa pili, kana kwamba ni mitaa miwili isiyotembeleana. Muziki hupewa jukwaa, taa na vipaza sauti. Hadithi huachiwa watoto, na siku hizi hata hao watoto wamenyang'anywa, wamepewa simu. Rai yetu ni kuwa mpiga udi na msimulizi wa ngano walikuwa wakila sahani moja tangu zamani, na mmoja akikosa chakula, mwengine naye hufa njaa, ijapokuwa huchelewa kidogo.

Tuanze na hadithi. Mwaka 1870 kilichapishwa London kitabu cha hadithi alizozikusanya Edward Steere hapa Unguja kutoka vinywani mwa watu, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Steere alikuwa padri wa misheni, na baadaye akawa askofu. Katika dibaji yake aliandika jambo ambalo kila aliyelelewa na bibi analijua: kuwa hadithi za watu wa hapa huwa na kipande cha kuimba na wote waliokaa huitikia, na kuwa mara nyingi mifupa ya hadithi yenyewe imo katika vile vipande vya kuimba. Maneno ya katikati msimulizi huyaunga mwenyewe, usiku ule ule, kwa namna anavyowaona wasikilizaji wake. Tizameni basi. Mgeni aliyekuja na shughuli zake nyengine kabisa aliona mara moja kuwa hapa mwenye hadithi ni mwenye nyimbo. Sisi wenyewe leo tumewatenganisha.

Katika kitabu hicho imo hadithi ya Sultani Majinuni na paka wake. Paka alikamata ndama, watu wakenda kushtaki, Sultani akasema paka ni wake na ndama ni wake, basi aachwe. Paka akaendelea kukua na kula. Akala wanyama, akala watu, akawa nunda, na mwisho akawala watoto wa Sultani mwenyewe. (Wasomaji wetu ni watu wazima wenye akili zao, hatuna haja ya kuwafasiria.) Walipokwisha kuliwa hao, mtoto wa mwisho wa Sultani, yule aliyekuwa akidharauliwa, ndiye aliyetoka kumsaka. Kila anapoua mnyama humburura mpaka kwa mama yake, na humwimbia kumwambia kuwa nunda amekwisha. Na mama naye humjibu kwa kuimba kuwa huyu siye. Alianza na mbwa, akapanda na kupanda mpaka ndovu, na jibu la mama ni lile lile.

Sasa iondoeni ile nyimbo. Kitakachobakia ni orodha ya wanyama waliokufa. Ni nyimbo ndiyo iwafanyayo watoto waliokaa jamvini wasisinzie, kwani wao ndio mama, wao ndio wanaojibu, na kila wakijibu wanajua kuwa nunda yuko mbele bado. Msimulizi asiyeweza kuimba hana hadithi. Hata mlango wenyewe wa kuingilia ngano ni wa sauti mbili, mmoja aseme paukwa na jamaa waitike pakawa, kama vile mpiga ngoma anavyojaribu ngozi yake kabla ya kuanza. Asipoitikiwa, haanzi.

Twende upande wa pili, kwa watu wa muziki. Khabari za asili ya taarabu yetu zajulikana, hatutazirefusha: ya kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, na kuwa mwaka 1905 vijana wa Mjini waliasisi Ikhwani Safaa, chama ambacho miaka mia moja na zaidi imepita nacho kingali kinaitwa kwa jina hilo hilo. Muziki ulikuwa mzuri, lakini ulikuwa ukiimbwa Kiarabu, na masikioni mwa mtu wa Ng'ambo au wa shamba ulikuwa ni sauti nzuri tu inayotoka nyumbani kwa wakubwa. Nani aliyeufungulia mlango? Ni mwanamke wa Fumba, binti wa watu wa kufinyanga, aliyekuwa akitembeza vyungu na kuvinadi kwa sauti yake.

Siti binti Saad hakuwa na skuli. Alikuwa na masikio. Nyumbani kwake Ng'ambo jioni walikuwa wakikutana yeye na wenziwe, akina Subeti Ambari, Budda Swedi, Mbaruku Talsam na Mwalim Shaaban, na khabari za mji zikifika pale. Nani kaonewa mahakamani, nani kadhulumiwa mshahara wake, tajiri gani kamtia mwanamke katika aibu. Khabari zilizungumzwa kwanza, zikapinduliwa na kupinduliwa kama mkate juu ya chungu, kisha ndipo zikatungwa. Maana yake ni kuwa kabla ya kuwa nyimbo zilikuwa hadithi. Baraza ilitangulia, fidla ikafuata. Na mwaka 1928 walipopanda meli kwenda Bombay kutia sauti zao katika sahani za santuri, walichochukua si tuni peke yake, walichukua mazungumzo ya mitaa yetu.

Mfano ni nyimbo ya Kijiti, ambayo hadi leo huimbwa. Yasimulia mwanamke mgeni aliyeuawa baada ya matembezi ya usiku, na muuaji akavukia Mrima, na kesi ilipofika mahakamani wakaadhibiwa wanawake waliokuwa mashahidi. Watu waliokuwa hawajui kusoma waliisikia khabari ile, wakaijadili, wakaikasirikia. Nyimbo ilikuwa gazeti lao. Na kila ilipopigwa, msikilizaji mmoja alimgeukia mwenziwe akamhadithia yale ambayo nyimbo haikuyataja, kwani nyimbo haiwezi kutaja yote. Hivyo nyimbo iliyozaliwa na hadithi ikazaa hadithi tena. Ndivyo mambo haya yalivyokuwa yakizunguka.

Kisha tizameni kilichofuata. Siti alifariki mwaka 1950. Kabla ya kufa kwake alikutana na Shaaban Robert, mtu wa Tanga, ambaye hakuwa mpiga ala wala mwimbaji bali mtu wa kalamu. Akakaa naye akamsikiliza, na katika miaka ya 1950 tukapata kitabu cha wasifu wake. Lau si kile kitabu tungelikuwa leo na sauti iliyokwaruzika katika sahani, na jina. Ya vyungu, ya umasikini, ya masafa aliyokwenda kwa miguu, ya dharau alizotupiwa kwa nasaba yake na sura yake na namna alivyozibeba, yote haya tumehifadhiwa na msimulizi. Msimulizi naye alikipata wapi kitabu chake? Kwa mwimbaji. Na miaka mingi baadaye, mwaka 2015, vijana waliosomea muziki hapa Mjini walipotaka jina la bendi yao walijiita Siti and the Band, na mwaka 2020 kitukuu chake, Siti Muharam, alitoa nyimbo za zamani kwa ala za leo. Hawa hawakumwona Siti. Walimpata kwa kusimuliwa.

Watu wa taarabu wa zamani walilijua jambo hili bila ya kufundishwa. Mtunzi alikuwa akitoa shairi, mtia sauti akalitia sauti, mwimbaji akaliimba, na ukumbi mzima ukafanya kazi ya kulifasiri. Mwanamke aliyenyanyuka kwenda kutunza na noti mkononi alikuwa akisema, bila ya kusema, kuwa shairi hili leo ni langu na yule ninayemkusudia aniangalie. Ukumbi wote ulikuwa wajua. Na wasiojua walikwenda nyumbani wakauliza, na kesho yake kisimani na sokoni kisa kikasimuliwa. Vyama vya wanawake vya zama zile, Sahib el Ari, Nuru el Uyun, na kile kilichojiita Royal Air Force (ati Royal Air Force, na hapana hata mmoja wao aliyeona ndani ya ndege!), vilikuwa vikijibizana kwa nyimbo. Mmoja akitupa leo, mwengine hujibu wiki ijayo. Nyimbo moja moja ukizisikiliza peke yake huambulii kitu. Ukizipanga kwa taratibu zilivyotoka, na mtu mzima aliyekuwapo akiwa karibu nawe, unapata historia ya mtaa mzima: ndoa, talaka, wivu, ukarimu, nani alimnunulia nani kanga ya jina gani. Nani leo awezaye kuzipanga hivyo? Wanahesabika, na kila mwaka hesabu hupungua.

Pemba nako mambo yalikuwa hivyo hivyo, pengine zaidi. Washairi wakubwa Kamange na Sarahani hawakuandika ili watiwe makabatini. Waliandikiana na kujibizana, na majibizano yao yakahifadhiwa vifuani pamoja na khabari za nani alianza na kwa sababu gani. Na ngoma ya kibati ni nini kama si mazungumzo ya papo kwa papo yaliyowekwa juu ya ngoma? Mwenye ulimi mzito hachezi kibati, hata akiwa na miguu myepesi kama paa.

Twafika sasa kwa mtu ambaye sisi twamwona ndiye ushahidi wenyewe. Marehemu Haji Gora Haji wa Tumbatu, aliyezaliwa mwaka 1933 na kufariki mwaka 2021, alikuwa mtu wa bahari na wa kazi za mikono. Diwani yake ya Kimbunga ilitoka mwaka 1994. Alitunga mashairi yaliyoimbwa na vyama vya taarabu. Alisimulia ngano. Aliyakusanya maneno ya Kitumbatu ili yasipotee. Ukimwuliza mtu yeye alikuwa nani, mmoja atakwambia mshairi, wa pili mtunzi wa nyimbo, wa tatu msimulizi wa hadithi, na wote watatu wamesema kweli. Katika nyumba yake vyumba hivi havikuwa na mlango baina yao. Bahari ilimpa kisa, kisa kikampa fumbo, fumbo likapata tuni, na aliyeisikia nyimbo akaja kumwuliza fumbo lake, akaanza kusimulia upya. Twauliza: ni vijana wangapi leo katika vyama vyetu vya muziki wenye mtu kama huyu wa kumwendea jioni? Na ni wangapi waliokuwa naye wakamwendea?

Au mchukueni Bi Kidude. Dunia ilimjua kwa sauti yake na kwa umri wake, ikampa tuzo ya WOMEX mwaka 2005, na alipofariki Aprili 2013 walilia watu wa nchi nyingi. Lakini nyumbani Bi Kidude alikuwa pia kungwi. Ngoma ya unyago si ngoma ya kutizama. Kila nyimbo ndani yake ni fumbo lililofungwa, na kungwi ndiye mwenye ufunguo. Humweleza mwari maana yake, humpa mifano, humhadithia. Pigo la ngoma humfanya mwari asisahau, na maelezo humfanya aelewe. Alipoipeleka ngoma yake majukwaani Ulaya, watu walipiga makofi, nasi twafurahi kuwa walipiga makofi. Lakini kilichopanda jukwaani ni nusu. Nusu ya pili haikuwa ya kupigiwa makofi hata kidogo, na hatudai ipelekwe huko. Twauliza tu imebaki kwa nani.

Hapa pana jambo la kutia uchungu. Wageni wametusaidia katika mambo haya, na hatuna sababu ya kuwalaumu, kwani aliyetunza ametunza. Kampuni ya Kifaransa tangu mwaka 2005 imekuwa ikitoa sidii za mfululizo uitwao Zanzibara, zenye nyimbo za zamani za kwetu na za pwani nzima, na kazi hiyo imefanywa kwa mapenzi. Kila sidii ina kijitabu chake, na ndani ya kijitabu maelezo ya waimbaji na ya nyimbo zao kwa Kiingereza na Kifaransa. Basi mjukuu wa mwimbaji akitaka kujua bibi yake aliimba kwa sababu gani, sharti ajifunze kwanza lugha ya watu wengine. Kitabu cha Steere cha mwaka 1870 kilikuwa angalau na ukurasa mmoja wa Kiswahili. Miaka mia na hamsini imepita, nasi tumerudi nyuma ukurasa mmoja! Jambo hili si la kumngojea Mfaransa alitengeneze. Ni letu.

Disemba 2020 upande mmoja wa jumba la Beit al-Ajaib uliporomoka, na nchi nzima ikatoka kutizama. Vumbi lilionekana, mawe yalionekana, roho za watu zilipotea, na tangu hapo maneno ya ukarabati hayajesha. Ndivyo inavyotakikana. Mji Mkongwe ni urithi uliotambuliwa na ulimwengu tangu mwaka 2000 na lazima uhifadhiwe. Lakini mzee wa Makunduchi au wa Micheweni akifa na visa arubaini kifuani mwake, hapana vumbi. Watu husoma khitma, hula wali, hurudi makwao, na siku ya pili hakuna anayejua kuwa kuna kitu kimeanguka.

Wako watakaotwambia: Nyinyi watu wa gazeti mwataka kufukua fitina. Visa vya taarabu vingi ni ugomvi wa wake wenza na aibu za nyumba za watu, na wajukuu wao wangali hai mitaani. Neno hili lina uzito, hatulipuuzi. Katika nchi ndogo kama hii hakuna jina lisilo na mwenyewe. Lakini majina yaweza kufichwa, na watu wa zamani walijua kuyaficha. Ndiyo maana ya fumbo. Tunachokitaka si kujua fulani binti fulani alimfanyia nini fulani. Tunataka kujua namna mtu alivyodhulumiwa katika mji huu akapata pa kusemea, na namna mshairi alivyochukua jambo chungu akalivisha nguo likaweza kutembea mbele za watu. Hiyo ni elimu, na haipo katika kitabu chochote cha skuli.

Wengine watasema vijana hawataki mambo haya, wanataka Zenji Flava na singeli. Waacheni watake. Kijana mwenye kipaza sauti chake na kinanda cha kompyuta hakosi sauti, anakosa la kusema, na ndiyo maana nyimbo kumi ukizisikiliza zote ni za mtu mmoja aliyeachwa na mpenzi mmoja. Mpeni kijana huyo hadithi ya nunda. Mpeni kisa cha Kijiti pamoja na yale ambayo nyimbo haikuyataja. Kisha mngojeni, muone atafanya nini. Sisi hatumwogopi kijana. Twaiogopa taarabu ya mipasho ya wazi iliyoshika kasi katika miaka ya 1990, inayomtukana mtu uso kwa uso bila ya fumbo wala kificho. Hiyo haihitaji kisa, kwani imekwisha kusema yote katika ubeti wa kwanza, na asubuhi hakuna la kuuliza. Tuseme kweli, wapenzi wake ni wengi na watatukasirikia. Na wakasirike.

Sasa nini kifanywe? La kwanza twalisema waziwazi ni la fedha. Mpiga fidla hulipwa, msimulizi hupewa chai. Hata katika shughuli zinazoitwa za utamaduni, bendi huandikiwa mkataba na mzee wa ngano huitwa kwa salamu, akifika akaambiwa dakika zake ni tano kabla ya wageni rasmi kuingia. Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichoanzishwa mwaka 2002 na kilichowatoa wanamuziki wengi wanaotutia fakhari, mwaka 2019 kilitangaza kuwa kimo katika khatari ya kufungwa kwa kukosa fedha. Ikiwa chuo chenye jina duniani kote chaweza kufikishwa hapo, bibi wa Nungwi asiye na jina wala cheti atafikishwa wapi? Palipo na mwalimu wa kanuni na mwalimu wa ngoma, hapo hapo pawe na mtu mzima mmoja wa visa, alipwe kama wao, na mwanafunzi asipewe tuni ya zamani mkononi mpaka amesimuliwa habari yake. Mwanafunzi huyo atapiga vingine. Mkono wa mtu ajuaye kuwa nyimbo hii ni ya msiba haupigi kama wa mtu anayedhani ni ya harusi, na twasikitika kusema kuwa makosa ya namna hiyo hutokea, na hupigiwa makofi.

La pili ni la vyama vya taarabu vyenyewe. Ikhwani Safaa wana nyimbo za zaidi ya karne. Culture wana nyimbo tangu mwaka 1958. Daftari za mashairi zipo katika mikoba ya watunzi na warithi wao. Kila nyimbo iandikiwe ukurasa mmoja: nani alitunga, nani alitia sauti, iliimbwa kwanza wapi, kwa tukio gani, na ilijibiwa na ipi. Ukurasa mmoja tu, kwa Kiswahili cha kawaida. Na pale ambapo watu wawili wanasema visa viwili mbalimbali vya nyimbo moja, viandikwe vyote viwili, pasiwe na mtu wa kukata hukumu. Ugomvi wa wasimulizi nao ni sehemu ya urithi.

Redio nazo. Zamani redio ya hapa ilikuwa mwalimu wa nyimbo wa nchi nzima. Leo nyimbo ya zamani hupigwa, mtangazaji hutaja jina la mwimbaji, kisha hupiga nyengine. Aiache kwanza! Amwite mtu mzima mmoja, hata kwa simu, aseme neno lake kabla ya nyimbo kuanza. Haigharimu kitu.

Lakini tusiwaelekee wakubwa na vyuo peke yao, kana kwamba sisi wanachama hatuna mikono. Kila tawi lina baraza, na kila baraza lina mzee ambaye tumezoea kumwamkia na kumpita. Vijana wa matawi wana simu zenye uwezo wa kurikodi sauti kwa saa nzima, na huzitumia kwa mambo ambayo hatutayataja hapa. Usiku mmoja katika wiki tawi liwaite mpiga ala na msimulizi pamoja, si mmoja baada ya mwengine kama vipindi vya skuli, bali wakae jamvi moja: huyu asimulie, yule apige, huyu akatize amwambie sivyo ilivyokuwa, yule ajaribu tena. Wanawake wasiwekwe nyuma ya pazia katika jambo hili, kwani sehemu kubwa ya mali hii ni yao, na kama hawataki kusimulia mbele ya wanaume, basi wasimulie wao kwa wao na waandike wao kwa wao. Na watoto waachwe wakae mpaka usiku, skuli ya kesho watakwenda na usingizi wao kama tulivyokwenda sisi.

Sisi tumeamua kuanza. Kuanzia toleo lijalo sehemu ya ukurasa huu itakuwa ya kisa cha nyimbo moja kila wiki. Msomaji mwenye kisa akilete kwa maandishi au akilete kwa sauti. Asiyeweza kuandika aje mwenyewe, atakuta mtu wa kumwandikia. Ataje nyimbo ni ipi, alikisikia kwa nani, na mtaa gani au kijiji gani. Ikiwa hataki jina lake litajwe tutaliacha. Visa vya Pemba twavitaka khasa, kwani wenzetu wa Pemba wamekuwa wakilalamika, na kwa haki, kuwa wakitajwa watu wa visiwa hutajwa wa Unguja. Na ikiwa yuko mtu mwenye umri ambaye bado anakumbuka Royal Air Force walijibu nini walipotupiwa nyimbo na wenzao, basi asingoje toleo lijalo, aje kesho.